Kilichochapwa si lazima kiwe kanuni

Wachezaji wengi wa michezo ya mezani huamini kwamba kitabu cha kanuni kikishachapwa, kila neno lililomo limekusudiwa, na kwamba nakala yenye kosa ni bandia. Imani hiyo inaeleweka: kitabu ndicho mwamuzi mkibishana.

Hata hivyo, makosa ya uhariri hupenya hata kwenye nakala halali. Katika kitabu kimoja cha mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons cha miaka ya 1990, neno la Kiingereza "mage", yaani mchawi, lilibadilishwa kwa kompyuta kuwa "wizard" kila lilipoonekana. Basi "damage", yaani madhara, likasomeka "dawizard". Hapo angalau unacheka. Kosa gumu ni lile lisilojitangaza, kama tarakimu moja iliyokosewa kwenye jedwali.

Ukiitilia shaka kanuni, ilinganishe na mfano uliotolewa chini yake na maandishi ya kadi zenyewe. Kisha tazama kurasa za mwanzo ujue nakala yako ni chapa ya ngapi, utafute masahihisho kwenye tovuti ya mchapishaji. Wengi huyatoa bure. Mkikwama katikati ya mchezo, kubalianeni kwa muda, mwendelee.