"TMA wamesema mvua kubwa, mbona Kariakoo jua kali?"

Kila msimu wa masika maneno haya husikika Dar es Salaam, na yanabeba makosa mawili.

La kwanza ni dogo. Wingu la radi huweza kuwa na upana wa kilomita chache tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) inapotaja mikoa ya Dar es Salaam na Pwani "katika baadhi ya maeneo", haijaahidi kila mtaa kulowa. Kisarawe kukinyesha na Kariakoo kukakauka, utabiri umetimia.

La pili ndilo linaloua: kudhani pasiponyesha hapafuriki. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, unapita Vingunguti na Kigogo, unashuka Jangwani na kuingia baharini pale daraja la Salenda. Maji ya juu yote yana njia hiyo moja. Milimita 50 za mvua kwenye paa la mita 50 za mraba ni lita 2,500. Sasa zidisha kwa mapaa, lami na sakafu za mji mzima, mahali ambapo udongo hauwezi tena kunywa. Ndiyo maana Jangwani hufurika hata mvua ikiwa imekatika. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 Serikali iliwahamishia Mabwepande, pembezoni mwa jiji, baadhi ya wakazi wa bonde hilo, ingawa wengine walirudi.

Kwa hiyo aliye bondeni, tangazo likipanda kutoka "angalizo" hadi "tahadhari" au "tahadhari kubwa", apige simu kwa jamaa wa Pugu kuuliza kunanyeshaje. Anga la Jangwani halitamwambia.