Linux peke yake haifufui kompyuta kuukuu
"Weka Linux tu, itakimbia kama mpya." Ushauri huu umezoeleka, nao ni nusu ya ukweli. Linux yenyewe ni kiini cha mfumo endeshi. Walaji wakubwa wa memori ni mazingira ya eneo-kazi (madirisha na menyu unazoziona) yanayokaa juu yake na, kuliko yote, kivinjari. Mashine yenye memori (RAM) ya GB 2 inayosota na GNOME, eneo-kazi zito, huweza kupumua ukiiwekea jepesi kama Xfce au LXQt.

Jionee mwenyewe: fungua terminal (dirisha la kuandikia amri), andika free -h, kisha soma safu ya "available", si ya "free". Linux hutumia memori iliyo wazi kuhifadhi mafaili kwa muda, hivyo "free" ikiwa ndogo si ugonjwa. Sasa fungua tabo tano za kivinjari, urudie amri. Namba ya "used" kwenye mstari wa Swap (sehemu ya diski inayotumika memori ikijaa) ikipanda huku diski inakwaruza, mchawi umeshampata. Ongeza RAM, au ng'oa diski ya kuzunguka uweke SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Mimi huanza na SSD.

Kompyuta kuukuu zenye prosesa za biti 32 ni kisa kingine. Debian 13, toleo la Linux lililotoka 2025, haina tena kisakinishi cha prosesa hizo.