Je, wajua nyuki wengi hawafi baada ya kuuma?

Tumezoea kusikia kwamba nyuki akiuma mara moja anakufa. Ni kweli, ila kwa nyuki wa asali tu, tena wale majike vibarua. Duniani zipo aina zaidi ya 20,000 za nyuki, na zilizobaki hazifungwi na sheria hiyo.

Siri iko kwenye mwiba. Wa kibarua una vijimeno vilivyoelekea nyuma kama ndoana. Ukizama kwenye ngozi ya mtu hautoki. Nyuki akijinasua huuacha pamoja na kifuko cha sumu na sehemu ya matumbo yake. Kifuko huendelea kusukuma sumu hata mwenyewe akiwa hayupo, kwa hiyo utoe mwiba upesi, kwa ukucha au chochote kilicho karibu. Palipoumwa hubaki harufu kama ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake waje kushambulia. Moshi wa warina asali huifunika harufu hiyo.

Mzinga wenye maelfu ya nyuki hautikiswi na kifo cha kibarua mmoja, maana anayezaa ni malkia. Huyo mwiba wake hauna vijimeno vya kunasa, naye huutumia kuwaua malkia wapinzani bila kudhurika. Madume hawaumi kabisa: mwiba ni kiungo cha kutagia mayai kilichobadilika, na dume hatagi.

Nyuki wetu wa asali wa Afrika wanaogopwa kwa ukali. Walipelekwa Brazil mwaka 1956, baadhi wakatoroka mwaka uliofuata, na kufikia 1990 walikuwa Texas. Sumu yao haizidi ya ndugu zao wa Ulaya; hatari ni kwamba hutoka wengi, na hufukuza mbali.

Aina nyingi za nyuki, hata hivyo, hazina mzinga wala malkia. Kila jike hujichimbia tundu lake, ardhini au kwenye mti. Yule mkubwa mweusi anayetoboa boriti na kumwaga unga wa mbao sakafuni ni mmoja wao. Jike anaweza kuuma zaidi ya mara moja na akaishi, ila mara nyingi mpaka umshike. Anayekuvumia usoni kwa vitisho huenda ni dume, hana hata cha kukuumia.

Kisha kuna nyuki wadogo, wale wasiouma, ambao kwangu ndio wa ajabu zaidi. Wanaishi kwa ukoo, wana malkia na asali, lakini mwiba wao umesinyaa haufai kitu. Ukiwachokoza huingia kwenye nywele, masikio na macho, na kung'ata. Wengine humpaka adui utomvu unaonata. Asali yao huwekwa kwenye vijungu vya nta, ni nyepesi na ina uchachu kidogo. Kiota kimoja hutoa kidogo sana, ndiyo maana muuzaji hukutajia bei ya juu kuliko ya asali ya kawaida.