Mtihani wa ufadhili wa Japani: masomo yake yanatoka wapi?

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali huwa lile lile: "Mwalimu, mimi nimesoma HGL. Nikiomba ufadhili wa Japani nitafanya mtihani wa masomo gani?" Anayeuliza anategemea kusikia Historia, Jiografia na Kiingereza. Jibu ni Kiingereza, Kijapani na Hisabati. Hapo ndipo wengi hunyamaza, na nisingependa mtu alisikie jibu hilo wiki moja kabla ya mtihani.

Mtihani wa ufadhili hufanywa kabla ya kupata chuo, ili kuamua nani atalipiwa masomo. Mitihani ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, inapima ulichofundishwa, kwa hiyo unatahiniwa tahasusi yako. Huu unataka kujua kama unaweza kuanza fani unayoiomba, kwa hiyo masomo yake hufuata fani hiyo. Ukishalielewa hilo, mengine yote yanaeleweka.

Ufadhili wenyewe ni wa serikali ya Japani, unaitwa Monbukagakusho, ingawa wengi wamezoea kusema MEXT, kifupisho cha jina la wizara ya elimu ya huko. Ulianza mwaka 1954. Kwa shahada ya kwanza, Mtanzania huomba kupitia ubalozi wa Japani ulioko Dar es Salaam, na Mkenya kupitia ule wa Nairobi. Ubalozi hupitia fomu, husimamia mtihani na usaili, kisha hupeleka majina Tokyo, ambako uamuzi wa mwisho hutolewa.

Kila mwombaji hufanya Kiingereza na Kijapani. Anayeomba sayansi ya jamii au sanaa huongeza Hisabati A. Upande wa sayansi una makundi matatu, na yote hufanya Hisabati B na Kemia. Kundi A, lenye uhandisi, usanifu majengo, fizikia na hisabati yenyewe, huongeza Fizikia. Kundi B, lenye kilimo, famasia, uuguzi na biolojia, na kundi C, yaani udaktari wa binadamu na wa meno, huongeza Biolojia.

Sasa rudi kwa yule wa HGL. Hisabati aliiacha kidato cha nne, na Hisabati A ina logi, trigonometria, mfuatano wa namba, hata kalkulasi. Mwenzake wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), anayeomba fani ile ile ya uchumi, anaingia na silaha mkononi. Wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) naye asijidanganye kwamba BAM, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, inamtosha kwa Hisabati B. Nimewahi kukaa na kijana wa PCB akijiandaa, na Kemia aliimaliza bila shida. Kilichomkwamisha ni maswali ya aina hii:

4ˣ − 6·2ˣ + 8 = 0

Alilitazama muda mrefu. Nikamwambia aiite 2ˣ kuwa y. Papo hapo likageuka y² − 6y + 8 = 0, swali la kidato cha pili: y ni 2 au 4, basi x ni 1 au 2. Akacheka, lakini dakika sita zilikuwa zimeshakwenda, na karatasi hupewa dakika 60 tu. Kuna jambo jingine: karatasi ya majibu ina nafasi ya jibu peke yake. Mwanafunzi wetu amezoea kuokota alama kwenye njia hata jibu likikosewa. Hapa njia nzuri yenye jibu baya haimpi kitu.

Kijapani kisikutishe. Wengi wanaotoka kwetu hawakijui, na karatasi wanaifanya hivyo hivyo. Atakayechaguliwa husomeshwa lugha kwa mwaka mmoja kwanza, kisha huingia chuo kikuu, ambako masomo kwa kawaida hufundishwa kwa Kijapani. Ndiyo maana ufadhili huwa wa miaka 5, na 7 kwa udaktari. Ada husamehewa, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi hulipwa, na posho kwa miaka ya karibuni imekuwa yeni 117,000 kwa mwezi. Fedha hizi hazirudishwi kama mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Tanzania, lakini ukifeli vibaya huko, ufadhili unaweza kusimamishwa.

Masharti mengine ni mepesi: uwe umemaliza au unakaribia kumaliza miaka 12 ya shule, usiwe raia wa Japani, na umri uwe chini ya miaka 25 unapoanza. Tarehe kamili ya kuzaliwa inayokubalika huandikwa kwenye tangazo la kila mwaka. Isome hiyo, usimsikilize aliyeomba mwaka juzi.

Karatasi za miaka iliyopita ziko wazi kwenye intaneti, pamoja na majibu, bila malipo. Anza na Hisabati, hata kama ndoto yako ni sheria. Chapisha moja, weka simu ihesabu dakika 60, na usiguse majibu mpaka ilie.