Gari inasukuma yenyewe: usikimbilie kontroo boksi

"Fundi, hii gari itaniua." Ndivyo alivyoniambia mama mmoja, mwalimu, hata kabla hatujasalimiana. Alikuwa kwenye foleni ya Ubungo, taa nyekundu, mguu uko kwenye breki, mara gari ikaanza kusukuma mbele yenyewe. Bajaji iliyokuwa mbele yake aliikosa kidogo sana. Gereji aliyotoka walimpimia kwa mashine, mashine haikuonyesha kosa lolote, wakahitimisha kwamba kontroo boksi, ile kompyuta ya gari, imekufa. Alikuwa ameshaanza kutafuta hela ya kununua nyingine.

Sikufungua boneti. Nilimpa kiti nikaanza kumuuliza. Injini ilikuwa imeshapata moto? Ndiyo. AC? Imezimwa. Gia ilikuwa D, ya kwenda mbele? Ndiyo. Na breki, mama, ilikuwaje mguuni?

"Ngumu, kama nakanyaga jiwe. Lakini hilo waliniambia ni tatizo lingine, nitengeneze baadaye."

Halikuwa tatizo lingine. Lilikuwa hilo hilo.

Injini ya petroli huongozwa na hewa. Ukikanyaga pedali ya mafuta, unachofungua ni kibati cha throto ili hewa iingie, na kompyuta ya gari inapima hewa hiyo ndipo inapopuliza petroli ya kutosha. Kwa hiyo injini ikipanda resi, yaani mizunguko yake ikiongezeka, na mguu haupo, swali la kwanza ni hili: hewa inapita wapi? Ama kibati hakijafunga, ama kuna tundu baada ya kibati. Busta ya breki nayo, ile inayokufanya ukanyage breki kwa mguu mwepesi, inavutwa na manifoldi, bomba linalopeleka hewa hiyo hiyo ndani ya injini, kupitia mpira mnene. Mpira huo ukipasuka, hewa ya ziada inaingia kwenye injini, resi inapanda, na papo hapo busta inakosa mvuto. Gari inasukuma na breki inakuwa ngumu, yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana dereva anaapa kwamba alikanyaga breki na gari ikakataa kusimama, na anasema kweli.

Tuliwasha gari. Kwenye P, gia ya kuegesha, ilitulia vizuri, mizunguko kama 800 kwa dakika. Nikaweka vigingi kwenye matairi, nikavuta handbreki, nikakanyaga breki kwa nguvu, nikaweka D huku kijana wangu akiangalia injini akiwa amesimama ubavuni, si mbele ya gari. Gari isiyo na tatizo ukiiweka D, resi hushuka kidogo kwa sababu injini imebebeshwa mzigo. Hii ilipanda, 1,600. Nikarudisha N, gia huru, ikatulia. R, ya kurudi nyuma, ikatulia. Hapo nikajua kuna kitu kinafunguka injini inapolalia upande mmoja tu.

Mauntingi ya injini, zile raba zinazoibeba, moja ilikuwa imeachana kabisa na chuma chake. Kila ukiweka D injini inainamia nyuma, mpira wa busta unajikunja pale penye klipu, na ufa usiozidi ukucha unafunguka kama mdomo. Gari ikiwa imezimwa huuoni, hata ukimulika tochi. Nilizima injini, nikazungushia ufa ule tepu ya raba, tukawasha tena na kuweka D: 750. Mpira mmoja na mauntingi moja, kazi ikaisha. Na mashine kukaa kimya ilikuwa sawa, maana kila sensa ilikuwa inasema ukweli: hewa imeongezeka.

Jambo hili lina historia. Desemba 1971 General Motors iliita yarudi kurekebishwa magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7 kule Marekani kwa sababu ya mauntingi zilizokuwa zikikatika. Injini ilikuwa ikinyanyuka, inavuta kiungo cha mafuta na kufungua throto, na mpira wa busta ungeweza kuchomoka kwa mnyanyuko huo huo.

Visa vingine ninavyokutana navyo ni vyepesi zaidi. Cha kwanza kukagua, kabla ya chochote, ni kapeti. Mtu ananunua kapeti nene barabarani, anaitandika juu ya ile ya zamani, haina cha kuishikilia, inateleza na kubana pedali. Usilidharau. Toyota ilipoita mamilioni ya magari mwaka 2009 na 2010, kapeti ilikuwa mojawapo ya sababu, na nyingine ilikuwa pedali zinazochelewa kurudi. NASA, shirika la anga la Marekani, waliombwa kuchunguza mfumo wa umeme wa magari hayo, na ripoti iliyotolewa Februari 2011 ilisema hawakukuta kasoro ya kielektroniki inayoweza kufungua throto kwa kiwango cha hatari.

Kwenye gari za waya, ambazo pedali inavuta throto kwa waya, chomoa waya wa mafuta upande wa throto uuvute kwa mkono. Ukikwaruza au ukisita kurudi, badilisha, usipake grisi ukadhani umepona. Kwenye gari za pedali ya umeme, pedali ina sensa mbili zinazotuma volti tofauti na kompyuta huzilinganisha. Zisipokubaliana, gari kwa kawaida hupunguza nguvu na kuwasha taa ya injini. Na kama resi zilipanda baada ya kusafisha throto, usiogope sana: kompyuta ilikuwa imezoea uchafu, inakifungua kibati zaidi ili kufidia. Sasa ni safi, hewa imezidi. Ifundishwe upya kwa utaratibu wa gari husika.

Asubuhi injini ikiwa baridi, resi kufika 1,500 kisha kushuka taratibu si ugonjwa.

Ikikutokea barabarani, kanyaga breki mara moja kwa nguvu zote na usiachie. Usipampu. Throto ikiwa wazi kabisa, busta ina akiba ya kukanyaga mara moja au mbili tu, na kila ukiachia unaimwaga. Sukuma gia iende N. Gari nyingi za otomatiki hazihitaji kubonyeza kitufe kutoka D kwenda N. Injini itapiga kelele ya kutisha, iache ipige, wewe tafuta pembeni. Ukishasimama ndipo uzime. Usichomoe ufunguo gari ikiwa bado inatembea, usukani unaweza kujifunga.

Yule mama nilimpeleka kiwanja cha nyuma, nikamwambia aende taratibu, kisha asukume gia N bila kuangalia chini. Mara ya kwanza mkono ulitafuta. Mara ya tano ulikuwa unakwenda wenyewe.