Gari la nyumbani limezeeka: litengenezwe tena au liachiwe? Kwa ndugu zetu wa Mtwara na Lindi

Ndugu zangu wa Kusini, sisi wakufunzi wa ufundi magari swali hili tunaulizwa kila mara: gari la familia limechoka, kila mwezi lipo gereji, tuliuze au tuendelee nalo? Wengi wanajijibu kwa kusikiliza injini, injini ikiwaka vizuri basi gari bado zima. Kwa pwani yetu hii hapo ndo tunapotea njia. Injini ikifa unafunga nyingine iliyotoka Japani, giaboksi hivyo hivyo, rejeta, shokapu, boljointi, bushi, vyote vinanunulika na mafundi wapo. Kutu ikishakula bodi kwa chini, hiyo huwezi kwenda kuinunua dukani.

Gari linalolala Shangani au Mikindani au pale Lindi mjini karibu na maji linapigwa upepo wa chumvi usiku na mchana, chumvi inavuta unyevu, bati halikauki, na kutu inakimbia kuliko kwa mwenzako aliyeko Masasi au Nachingwea. Gari lililowahi kubeba samaki ndo balaa zaidi, maji ya barafu yenye chumvi yanapenya chini ya kapeti yanakaa humo miaka na mwenyewe huoni kitu. Kwahiyo kabla hujamwaga hela kwenye injini, gari liingie kwenye shimo la gereji, lioshwe tope lote, halafu fundi achukue bisibisi achokonoe pale shokapu za nyuma zinaposhikia, chini ya milango kwa urefu wote, kwenye chesisi na pale miguu ya mbele imefungwa, mabomba ya breki nayo yaangaliwe mpaka mwisho. Kutu ya juu juu inasuguliwa, unapiga rangi ya kuzuia kutu, maisha yanaendelea. Ila bisibisi ikizama sehemu zinazobeba uzito, ndugu yangu, hapo umepata jibu lako. Usikubali kuchomelewa kibati kwa juu kisha kupakwa puti na andakoti (rangi nzito ya chini ya gari), patang'aa ndio lakini kile kibati kimeshikwa na bati lililooza, siku ya ajali panafunguka hapo hapo na waliokaa siti ya nyuma ni watoto wako.

Kuna na suala la airbag, ule mfuko wa hewa unaofyatuka kumkinga mtu wakati wa ajali, ambalo huku halizungumzwi kabisa na linanisumbua sana. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 na kuendelea yalifungwa airbag za kampuni ya Takata, na ilikuja kugundulika kwamba ile kemikali ya kuzifyatua ikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu inaharibika, airbag ikifyatuka kichuma chake kinapasuka na vipande vinamrukia dereva, nchi za wenzetu watu wamekufa kwa hilo. Joto na unyevu ndo hali yetu ya kila siku. Chukua namba ya chesisi uiangalie kwenye tovuti ya kampuni iliyounda gari kuona kama lako ni mojawapo, au mwambie kijana wako akusaidie.

Halafu umri. Usihesabu toka siku ulipolinunua wala usidanganywe na namba ya usajili, gari namba D linaweza kuwa limeundwa 2002. Magari yetu yanafika yakiwa na umri tayari, ndo maana gari dogo la miaka 8 hadi 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 15 na likizidi miaka 10 asilimia 30.

Kama chini pako salama ndo tuje kwenye hela. Daftari. Andika kila kitu kwa miezi 12, spea, ufundi, oili, hata nauli za bajaji na boda ulizolipa gari likiwa gereji, halafu waulize madalali wawili watatu hilo gari kama lilivyo leo linaenda kwa shilingi ngapi. Tuseme linaenda milioni 6 na mwaka mzima limekula milioni 1, litunze, milioni 1 haikupi gari lingine. Limekula milioni 3 na nusu na bado linadai gasketi ya silinda hedi, kaeni kikao cha familia. Bei uliyonunulia iache, ile hela ilishaondoka. Na tairi au timing belt (mkanda wa injini) ya kila kilomita 100,000 sio ubovu, ni chakula cha gari. Ubovu ni ule unaorudi, limechemsha umebadili rejeta, limechemsha tena umebadili thamostati, linachemsha tena, au kila wiki unaongeza oili na nyuma linatoa moshi wa bluu.

Najua kinachowashika wengi. Hilo gari ndo ambulensi ya mtaa, mama mjamzito saa nane usiku anapelekwa hospitali ya Ligula na nani? Ni hoja ya kweli kabisa, na mimi nasema lipunguzieni kazi kwanza. Kuna gari linafaa Chuno mpaka sokoni na hospitali lakini kupeleka familia Dar, zaidi ya kilomita 550 ambazo sehemu kubwa ni pori, halifai tena. Mei 2024 mvua zilipokata barabara pale Somanga watu walilala njiani, sasa fikiria uko hapo na gari linalochemsha.

Mkishaamua kuuza, uzeni likiwa linatembea. Gari likishafia uani miezi sita, betri imekufa, panya wamekula nyaya, mnunuzi atakupa bei ya chuma chakavu. Na subirini korosho, minada ikianza Oktoba na hela zikaanza kuingia vijijini wanunuzi wapo, mwezi wa tatu mvua inanyesha mfuko mtupu hakuna mtu. Mwambieni mnunuzi ubovu wote. Lile ambalo chesisi imeoza lisiuzwe kwa mtu anayeenda kubebea abiria wa Newala au Tandahimba, liuzwe kama spea.

Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA pesa zikishaingia, msiachiane kadi ya gari mkononi tu, maana faini za trafiki zinafuata namba ya gari na jina linalosoma ni lako. Kama kadi ina jina la mzee aliyefariki, anzeni na mirathi, mahakama iteue msimamizi, yeye ndo mwenye mamlaka ya kusaini. Hili lianzeni sasa hivi hata kama hamjaamua kuuza, kwasababu magari mengi yanaoza uani huku ndugu wanasubiriana nani aanze.