Hipnosisi ya tumbo sio kulazwa usingizi

Watu wengi bado wanaamini ukienda kwenye hipnosisi, yaani tiba ya kutulizwa kwa maneno mpaka akili inazama kwenye kitu kimoja, unalazwa usingizi, mtu anakutawala akili, ukiamka hukumbuki kitu. Hapana jamani, hayo ni ya maonyesho ya majukwaani. Kwa mwenye IBS, yaani tumbo linauma, gesi, mara kuharisha mara choo kigumu na vipimo havionyeshi kidonda, unakaa tu kwenye kiti umefumba macho, unasikia kila kitu, hata pua ikiwasha unajikuna, afu mtaalamu anakuambia weka kiganja tumboni, sikia joto linaingia, uone utumbo kama mto unaotiririka taratibu. Ndo hivyo.

Na haimaanishi maumivu unajitungia. Ubongo na utumbo vinaongea kupitia neva muda wote, kwenye IBS utumbo unahisi kupita kiasi, kwahiyo kinachotulizwa ni hayo mawasiliano. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake kule Manchester, Uingereza, waliijaribu hipnosisi kwa wagonjwa 30 ambao tiba za kawaida zilishindwa, waliopewa hipnosisi wakapata nafuu kubwa kuliko wenzao ambao hawakupewa. Muujiza sio, kawaida ni vikao kama 7 mpaka 12 na mazoezi ya nyumbani juu, na kuna ambao haiwasaidii.